Koti la Chifu na Daftari la Vipimo

Hii habari sijawahi kuisimulia mbele ya wanakwaya wenzangu, na mke wangu akisikia nimeianza huwa anainuka kwenda kuangalia sufuria hata kama jikoni hakuna moto, kwa hivyo mkinicheka, chekeni polepole. Mimi Barasa, fundi cherehani, baba wa watoto watatu, mtu ambaye hata kuruka foleni ya maji sijawahi, nilikamatwa Kakuma mchana kweupe kwa kosa la kujifanya chifu. Tena chifu mwenyewe niliyejifanya alikuwa mwanamke. Aibu ya siku ile naikumbuka mpaka leo nikiwa napiga pasi, nasimama tu na pasi mkononi, mpaka mtu anauliza kama kuna kitu kinaungua.

Ilikuwa mwaka 2013, miezi michache baada ya uchaguzi, wakati Lodwar kaunti ilikuwa kitu kipya, kila wiki ofisi inafunguliwa, na kila aliyepata cheo anataka suti. Nilikuwa nimetoka Bungoma na cherehani moja, nikakodi kibanda nyuma ya soko, na mwaka huo kwa mara ya kwanza nililala nikiwa na kazi ya kesho. Sasa siku moja akaja kijana mmoja mpole, anaitwa Lokaale, akaweka mezani kitambaa cha kaki, bahasha ya vifungo vya shaba na beji za mabegani, na juu yake kamba ya katani yenye mafundo.

"Dada yangu Esther amepewa kiti cha naibu wa chifu, ng'ambo ya mto Tarach pale Kakuma," akasema. "Ni mama wa kwanza kukalia hicho kiti upande ule. Hana nafasi ya kuja, amejipima mwenyewe. Fundo la kwanza ni bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne ni hapa chini."

Nilicheka, lakini kamba haina maneno mengi kama wateja wengine (wapo wanaojivuta tumbo ukiwapima, halafu wanakuja kukulaumu). Nikahamisha vipimo kwenye daftari langu, nikakata. Niliambiwa Alhamisi adhuhuri D.C., yaani mkuu wa wilaya (cheo chake kilikuwa kimebadilishwa jina lakini sisi wote tulimwita vilevile) atamtambulisha mbele ya watu, na kwamba nilipeleke koti mimi mwenyewe, ili kama kuna mahali pamekaza nirekebishe likiwa mwilini. Nilishona lile koti kama namshonea dada yangu. Lilikuwa na kiuno, lilikuwa na nafasi ya kifua, na vifungo nilivipanga upande wa kike kama inavyotakiwa. Alhamisi alfajiri nikalipiga pasi ya makaa mpaka mikunjo ya mikono ikasimama.

Mama Neema, ndiye mke wangu, akaniambia, "Lifunge kwa shuka uliweke magotini. Usilitoe mpaka ufike." Maneno manane tu, na kama ningeyashika nisingekuwa na cha kuwaambia leo.

Usafiri ulikuwa lori la vitunguu linaloenda Lokichoggio. Nilipofika, ndani mbele palikuwa tayari na wamama wawili wenye mabeseni magotini, na dereva akasema mizigo yote inaenda juu. Nikaangalia juu. Juu kulikuwa na vitunguu, mbuzi wanne, na vumbi la kutoka Kitale. Nikaliangalia koti langu, na ile mikunjo yake, na nikafanya hesabu ya kifundi kabisa: mahali pekee koti haliwezi kukunjika ni mabegani pa mtu. Nikavua shati ili kola isigombane na kola, nikalisokota nikalitia mkobani na daftari na mkasi, nikabaki na fulana, nikavaa koti. Mimi ni mwembamba, liliingia. Nikafunga vifungo vyote ili lisipeperuke. Nililivaa kwa nia safi, na hilo nitalisema hata siku ya hukumu.

Dereva alipogeuka akaniona, uso ukabadilika. "Kumbe ni mkubwa! Wamama, sogeeni, chifu akae dirishani."

Na hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Neno lilikuwa moja tu, fundi, mimi ni fundi. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini dirishani kulikuwa na upepo, na kiti cha dirishani kilikuwa na mto, na dereva alikuwa ameshaupangusa kwa mkono wake, basi nikafunga mdomo nikakaa.

Kwenye kizuizi cha polisi askari alichungulia, akaniona, akapiga saluti, akatuashiria tupite. Mimi ambaye hapo Lodwar huulizwa kitambulisho nikienda kununua uzi. Nikainua vidole viwili kidogo, hivi, kama nilivyoona wakubwa wanavyofanya, na dereva akafurahi sana kwa sababu siku hiyo hakuna aliyefungua turubai lake. Njiani akaninunulia chai na mandazi. Wale wamama wakaniuliza mvua mwaka huu itakuwaje, nami (Mungu anisamehe) nikawajibu kwamba serikali inaliangalia jambo hilo. Nawaambia ukweli, ilinipendeza. Hakuna aliyetazama kiuno cha koti wala upande wa vifungo, walitazama shaba tu, na mimi nikakaa wima saa nne nzima mpaka mgongo ukauma.

Tulifika Kakuma kama saa nne unusu. Lokaale, aliyekuwa anipokee stendi, hayupo, simu yake haipatikani, basi nikauliza ofisi ya naibu wa chifu iko wapi, nikaonyeshwa, nikavuka kwa miguu mchanga wa Tarach, mto mkavu, mpaka kijumba kimoja cha mabati chenye kufuli na benchi nje. Hapo ningevua. Lakini chini ya koti kulikuwa na ile fulana, na fulana ile ilikuwa na matundu mgongoni, si moja wala mawili (fundi wa nguo za watu, zake mwenyewe hana muda nazo), na shati mkobani lilikuwa limekunjamana kama kitambaa cha kupangusia meza. Nikaona nikae tu kivulini na koti langu mpaka mwenyewe aje.

Hazikupita dakika kumi akaja mama mmoja mwembamba, shanga shingoni, mtoto mgongoni, miguu yote vumbi mpaka magotini.

"Ejok, chifu," akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok noi, mama," nikajibu, na kabla sijaongeza la pili alikuwa ameshaketi chini mbele yangu na kumfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani, uso wa mtoto umenielekea, kana kwamba tumeahidiana.

"Mimi nimekuja hapa mara tatu," akasema. "Mara ya kwanza imefungwa. Mara ya pili imefungwa. Leo iko mtu. Andika huyu. Anaitwa Akiru. Hiyo siku anazaliwa mvua ilinyesha."

Nilikuja kuelewa baadaye. Mtoto akizaliwa nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayejaza ile karatasi ya kwanza, na bila hiyo cheti hakuna. Naibu wa zamani alikuwa amestaafu, na kiti kilikaa wazi miezi minane. Watu walisikia tu kwamba Alhamisi chifu mpya anakuja, hawakuambiwa ni nani. Sasa wamemkuta mtu wa kaki ameketi mlangoni, wewe ungesemaje?

"Mama, ngoja kidogo, mwenye ofisi atakuja..."

"Nimengoja," akasema. Hakusema kwa hasira. Halafu akamfunika mtoto kichwa na akaendelea taratibu, akiangalia mchanga. "Kulikuwa na mwingine. Ewoi. Alikuwa kijana. Alikuwa ameanza kutembea, ananiita mama. Homa ikamchukua na chifu wa zamani alikuwa hajamwandika. Nikienda kliniki wananiuliza, mama, uko na watoto wangapi umezaa? Nasema wawili. Wanatafuta kwa kitabu, wanasema ni mmoja. Hata majirani sasa wananiita mama Akiru. Mbeleni nilikuwa mama Ewoi. Wananihurumia, hawataki kutaja. Lakini mimi nataka huyu serikali imwone mapema."

Jamani, nina watoto watatu. Mkono wenyewe ukaingia mkobani ukatoa daftari la vipimo. Nilijua ninachofanya si halali. Lakini nisiwadanganye kwamba niliwaza sheria, niliwaza tu kwamba mama huyu asiambiwe tena angoje. Nikafungua ukurasa, juu kumeandikwa kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, suruali mbili za mwalimu, na chini yake nikaandika kwa herufi zangu nzuri: Akiru, msichana, miezi minne. Nikamwangalia. Hakuomba, lakini macho yake yalikuwa kwenye kalamu. Nikaandika mstari wa pili: Ewoi, mvulana, kaka yake Akiru.

"Umeandika nini hapo?"

"Ewoi," nikasema.

Akaweka kidole juu ya lile jina, polepole, kama mtu anayegusa pasi kujua ni ya moto au imepoa.

Baada ya hapo akataka karatasi ya kuonyesha kwamba ameandikwa, na mimi ambaye nilikuwa nimeshaingia mpaka kiunoni nikaona nimalizie shingo. Nikachana ukurasa, nikaandika jina la mtoto, nikapiga muhuri. Muhuri wa duka langu, ambao hukaa mkobani siku zote. Katikati una picha ya mkasi.

Yeye akainuka ameshika karatasi kwa mikono miwili, akaenda, na njiani akakutana na wenzake, na ndani ya nusu saa mbele yangu kulikuwa na wamama tisa wenye watoto, wamepanga mstari bila kuambiwa. Niliwaandika wote. Mtafanyaje? Ukimwandika mmoja, utamwambia nini wa pili? Jasho lilikuwa limelowanisha koti la watu kwapani, na ndani ya moyo naomba Lokaale afike, naomba pia asifike. Wa mwisho kwenye mstari hakuwa mama. Alikuwa mzee mmoja mwenye kigoda chake, akasema jirani yake aliazima punda wake tangu kiangazi kilichopita na hataki kumrudisha.

"Punda arudishwe," nikasema, ili aondoke.

Hiyo ndiyo hukumu pekee niliyowahi kutoa maishani, na ndiyo iliyonimaliza. Kwa sababu mzee alienda moja kwa moja kwa jirani, akafungua punda kambani, akasema chifu ameamua, na jirani naye hakubishana, akakimbilia askari kuuliza ni chifu gani huyo anayeamua kesi kabla hata hajaapishwa. Askari akajiuliza hivyohivyo, maana yeye alijua chifu bado yuko njiani na gari la D.C.

Nilimwona akija na yule jirani nyuma, nyuma ya jirani mzee na punda wake, na nyuma yao nusu ya mtaa. Wamama wangu wakageuka. Yule wa kwanza, mama Akiru, alikuwa amerudi ameketi kivulini ananyonyesha, karatasi ameikunja ndani ya shanga.

"Afande, habari yako," akaniambia askari kwa heshima kabisa. "Umetumwa kutoka wapi?"

"Lodwar," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

Akanizunguka. Akaangalia mabega, akaangalia kiuno, akainama akaangalia vifungo. Halafu akasema kwa sauti ambayo hata punda alisikia, "Chifu wa hapa ni mama. Na hili koti ni la mama. Wewe ni nani?"

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. Mzee wa punda alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Askari yeye hakucheka. Akachukua karatasi mkononi mwa mama mmoja, akaisoma, akaugeuza ule muhuri huku na huku. "Serikali siku hizi ina mkasi?" Kisha akaniambia polepole, kama mwalimu, kwamba kuvaa nguo ya serikali ambayo si yako ni kosa, kujifanya ofisa wa serikali ni kosa lingine, na kufanya kazi yake na kupiga muhuri ni la tatu, na watu wanafungwa kwa moja tu kati ya hayo. "Vua. Na hilo daftari ni ushahidi, lete."

Nikavua. Mbele ya wamama tisa na watoto wao na punda. Fulana ikatoka hadharani na matundu yake yote, upepo ukapita mgongoni. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa naisikia kila siku nikidhani ni maneno ya kuwatania wateja. Lakini nisikilizeni, fulana haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mama Akiru alikuwa ameacha kucheka, kama aliwahi kucheka, na alikuwa anaitoa ile karatasi shangani, anaikunjua, anaitazama kama kitu kilichooza.

Nilimwendea. Askari alinishika mkono lakini nikamwomba, akaniachia hatua mbili.

"Mama, mimi si chifu. Mimi ni fundi wa nguo, nimeleta koti. Hiyo karatasi haina nguvu. Nimekudanganya, na umetembea kutoka mbali. Nisamehe."

Akaikunja tena ile karatasi. Gari la D.C. lilikuwa tayari linavuka mchanga.

Akashuka Esther. Mama mnene kiasi, mtulivu, gauni la kanisani na viatu vyeusi, na mabega yake kweli yalikuwa yale ya fundo la kwanza. Lokaale nyuma yake anaomba radhi kwamba simu iliisha chaji. Askari akaeleza yote, punda akiwemo. D.C. akabaki kando ya gari akizungumza na simu yake, na nadhani alifanya hivyo kwa makusudi, Mungu ambariki. Esther alinitazama, mimi na fulana, akatazama koti mikononi mwa askari.

"Fundi, umenivalia koti?"

"Nilitaka lisikunjike, mama."

"Na halikukunjika?"

"Hapana. Lakini limelowa kwapani."

Akalichukua akalivaa hivyohivyo na jasho langu, akafunga vifungo. Lilimkaa, naapa, lilimkaa kama ngozi yake. Kisha akaketi kwenye lile benchi, na kabla ya hotuba ya mtu yeyote akasema na wale wamama kwa Kiturkana, muda mrefu, nami niliambulia majina tu. Lokaale akaninong'oneza kwamba anawaambia huyu mwanamume si wa serikali, lakini watoto ni wa kweli, na leo hakuna atakayerudi nyumbani bila kuandikwa. Esther akafungua kufuli, akatoa fomu zake, akaniambia, "Lete daftari. Utanisomea mwandiko wako mmoja mmoja."

"Ni ushahidi, mama," akasema askari.

"Najua. Nataka kuusoma huo ushahidi."

Basi nilikaa pale na fulana yangu nikasoma, na yeye akimuuliza kila mama kilicho cha kweli, akajaza fomu moja baada ya nyingine, na hotuba ya D.C. ikaja katikati, na watu wakapiga makofi, mimi bado nimeketi na daftari. Tulipofika kwa mama Akiru nikasoma mstari wa kwanza, Esther akaandika, akapiga muhuri wake wa kweli, usio na mkasi. Nikasoma wa pili. Kalamu ikasimama.

"Huyu ni marehemu?"

Mama akaitika kwa kichwa. Esther akamweleza taratibu kwamba kwa Ewoi atahitaji kwanza mashahidi waliokuwepo alipozaliwa na alipokufa, na fomu ambazo leo hana, na kwamba inaweza kuchukua muda, na huenda wakubwa wakakataa. Hakumficha. Nilimheshimu kwa hilo, maana mimi ningemwambia ndiyo.

Askari akanyoosha mkono achukue daftari sasa. Mama Akiru akaweka kiganja chake juu yake.

"Uliandika Ewoi?" akaniuliza mimi. Ndilo neno la kwanza tangu nilipomwambia ukweli.

"Niliandika."

"Kwa mkono wako mwenyewe, hakuna mtu alikulazimisha?"

"Hakuna."

Akamgeukia Esther. "Hii isiende kwa polisi. Huko wataitupa. Ewoi akae kwa fundi mpaka wewe umalize mashahidi yako."

Esther alitazama askari, askari akatazama mchanga, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Mwishowe Esther akasema adhabu yangu ni moja: zile karatasi za mkasi zote zirudishwe, nizichome mbele yake kwa mkono wangu, na daftari nirudi nalo nilitunze, na siku likihitajika nilete. "Na punda?" akauliza mzee. Punda alibaki kwake. Kumbe hukumu yangu ilikuwa sawa, lakini niliambiwa nisijisifu.

Nilirudi Lodwar kesho yake juu ya lori, na mbuzi, na shati langu lililokunjamana, na ilinistahili. Tangu siku ile nguo ya mteja sivai hata kwa kupima bega, hata ikiwa ya mtu anayelingana nami, hata ikiwa harusi ni kesho. Naifunga kwa shuka naipakata. Mtu akiniita mkubwa kwa bahati mbaya, hata kondakta, namjibu mimi ni fundi kabla hajafunga mdomo, na wengine wananiona sina adabu.

Mashahidi walichelewa. Mmoja alikuwa amehamia Kaikor na mifugo, mwingine alikuwa mzee sana. Mama alianza kuja dukani kila alipofika Lodwar kuuza vikapu, na mara ya kwanza mke wangu alidhani amekuja kushona. Hakuwa anashona kitu. Aliweka vikapu chini, akasimama mlangoni na Akiru ameshika upindo wa nguo yake, sasa anatembea, na mimi nikafungua droo ya cherehani nikatoa lile daftari, lililokwisha kujaa zamani, ambalo mke wangu alitaka kuwashia jiko mara mbili. Nikamsomea mistari yake. Alisikiliza, akasema asante, akaanza kubeba vikapu vyake.

"Usiende bado," nikamwambia. "Karibu kiti, mama Ewoi."

Akaweka vikapu chini tena, akakaa.